Pini Moja kwa Jicho la Mama Riziki

Nimestaafu, na tangu hapo sijaweza kukaa kitako. Asubuhi naamka, navaa viatu vya kazi, nafika mpaka mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na bado yuko kazini, ameniomba niache kukaza skrubu za makabati ambayo hayajalegea. Nikitoka nje natembea hadi kituo cha Rissne, naangalia treni ikiondoka, narudi. Kwa hiyo ninyi wawili mliorithi meza yangu ya ufundi dukani, mmoja wa Nakuru na mwingine wa Bukavu, mliponiomba niandike yale niliyojifunza, mlinisaidia mimi zaidi ya ninavyowasaidia.

Habari za mshahara nitaziruka. Za vyeo pia. Dukani kwetu cheo kilikuwa kimoja, na alikuwa nacho mwenye duka.

Nilifika Stockholm kama mume wa mwanafunzi. Kwetu Machakos nilikuwa fundi wa cherehani na baiskeli, na hapa mtu akaniambia kuna duka la vifaa vya uvuvi na pinde linatafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Göran, mzee wa karakana, mtu mrefu aliyeongea kana kwamba kila neno linakatwa kodi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa upinde.

Sikuwa nimewahi kushika upinde wa aina ile. Ulikuwa wa kapi, huu tunaouita kampaundi, wenye gurudumu dogo kwenye kila ncha na nyaya zinazopishana katikati. Nikauvuta. Upinde ule ulikataa, ukakataa, halafu ghafla ukakubali: uzito ukapungua mkononi, nami nikabaki nimesimama, uzi uko shavuni, napumua kama mtu aliyefika juu ya ngazi. Wanaopenda mchezo huu wanapenda pale. Si mshale kuruka, si shabaha kupigwa. Ni ule muda mfupi ambao nguvu yote iko mikononi mwako na haikulemei.

"Unatabasamu," Göran akasema.

"Ndiyo."

"Usitabasamu. Shavu likipanda, uzi unapanda nalo, na mshale unakwenda kwingine."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nimelirudia kwa wateja wengi sana. Watu wanakuja kujifurahisha, unawaambia wasitabasamu. Wachache walikasirika.

Göran alikuwa na njia zake, na nyingi bado ziko hai kwenye meza yenu hata kama hamjui zilitoka wapi. Mteja akitaka kilengeo, yaani kile kifaa kinachofungwa ubavuni mwa upinde kumwonyesha pa kuelekeza mshale, Göran hakumfungulia kabati la vioo. Alimwambia kwanza afumbe macho, avute upinde, atulie, kisha afumbue. Jicho likijikuta liko katikati ya kile kitundu cha kuchungulia kilichofungwa kwenye uzi, sawa. Lisipojikuta pale, kitundu kinahamishwa. Hakuruhusu shingo ihamishwe. "Shingo itasahau," alisema. "Kitundu hakisahau."

Halafu alimpeleka gizani. Wawindaji wanapiga alfajiri na jioni, wakati paa wanatoka vichakani, na pini, ile nukta ya kilengeo inayowekwa juu ya mnyama, hata iking'aa vizuri dukani inaweza kupotea kabisa kwenye mwanga wa kijivu. Desemba hilo lilikuwa rahisi, maana hapa saa tisa mchana tayari ni magharibi. Tulimsimamisha mteja mlangoni tu. Juni haina giza, kwa hiyo tulishuka kwenye chumba cha chini ya jengo, kile cha kujikinga na mabomu ambacho majengo mengi hapa yanacho na watu wanawekea skii na baiskeli za watoto. Göran alikuwa amefunga taa inayopunguzwa polepole. Mteja anavuta, taa inafifia, na anatakiwa aseme pini imepotea lini. Wanaume wazima walidanganya. Walisema bado wanaiona wakati mimi niliyekuwa pembeni yao nilikuwa sioni hata mkono wangu.

Kwa hiyo, mambo ya kuuliza kabla ya kuuza kilengeo cha mwindaji ni haya, na nayaandika jinsi yanavyonijia. Macho yake yana umri gani? Simaanishi yeye. Pini nene inang'aa zaidi, lakini kwa mbali inamfunika paa mdogo mpaka hujui unampiga bega au tumbo. Pini nyembamba haifuniki kitu, na jioni haionekani. Rangi ya kijani huwa inabaki machoni baada ya nyekundu kuzama, ingawa kuna watu ambao ni kinyume, ndiyo maana tunashuka chini. Je, anataka pini nyingi, kila moja na umbali wake, au pini moja inayopandishwa na kushushwa kwa kizungusho? Wenye pini nyingi hukosea kwa kuchagua pini isiyo yake mnyama anapotokea ghafla. Wenye pini moja hukosea kwa kusahau kuirudisha. Nimemwona mpigaji hodari, bingwa wa ukumbini, akipeleka mshale juu ya mgongo wa shabaha kubwa kama kabati kwa sababu kizungusho chake kilibaki kwenye umbali wa jana. Na pimamaji, kile kitone cha hewa kilicho chini ya pini, kipimwe upinde ukiwa umeelekezwa chini pia. Mtu anaweza kuwa amenyooka kabisa kwenye sakafu ya ukumbi na akawa amepinda akipiga kutoka juu ya jukwaa la mbao la kuvizia wanyama.

Na pale mishale inapokwenda kushoto, pini isukumwe kushoto. Fuata mshale. Kila mtu mara ya kwanza anaisukuma kulia, na mimi nilifanya hivyo, na Göran alitoka kwenda kunywa kahawa ili asione.

Göran aliondoka kazini kabla yangu, akahamia kaskazini, na meza ikawa yangu. Miaka ikapita kwa mtindo wa kazi za mikono: huikumbuki mmoja mmoja, unakumbuka watu. Wateja wa uwindaji hawakuwa wengi. Kwa karibu muda wangu wote kazini sheria ya Uswidi haikuruhusu kuwinda kwa upinde, na aliyetaka alivuka kwenda Denmark, ambako lazima kwanza upite mtihani wa shabaha. Nitawaeleza juu ya mmoja wao tu, kwa sababu kesi yake ilinikosesha usingizi mwaka wangu wa mwisho.

Alikuja kutoka Tumba, nje kidogo ya Stockholm, na kisanduku cha upinde begani. Kwenye treni watu walidhani amebeba tromboni, akaniambia, na mtu mmoja alimwomba apige wimbo.

"Bonjour, papa fundi. Walisema uko unajua Kiswahili."

"Najua cha Kenya."

"Haina shida. Tutasikilizana tu."

Huyo ndiye Mama Riziki, mzaliwa wa Uvira, mpishi katika nyumba ya wazee. Kazini kwake kuna kikundi cha wawindaji, na kila vuli wanakwenda shambani kwa mtu huko Denmark kuwinda paa. Yeye alikuwa amepata cheti cha uwindaji, amesoma vitabu vyote vya Kiswidi, lakini bunduki hakuitaka.

"Bunduki sitagusa," alisema. "Nilizisikia za kutosha kwetu. Lakini pori ninalipenda. Kwetu pori tulilikimbilia tukiwa na hofu. Nataka niingie mara moja nikiwa mimi ndiye ninayengoja."

Alikuwa ameshindwa mtihani mara moja, na sasa alikuwa anajiandaa kurudia majira ya kuchipua. Mkuu wa kikundi alikuwa amemweleza wazi: nafasi shambani ni moja, na akishindwa tena atapewa mwingine anayeisubiri. Baada ya hapo hakuna aliyejua lini nafasi nyingine ingepatikana.

Nilimpima kama Göran alivyonifundisha. Alivuta vizuri kuliko wengi wa wateja wangu. Mabega chini, uso hauna habari. Kilengeo chake kilikuwa kizuri, cha pini moja na kizungusho kikubwa cha juu na chini, na kingine kidogo cha kushoto na kulia, vyote vinageuzwa kwa vidole bila kifaa. Kilikuwa kimekwenda kulia kidogo. Nikakirekebisha, akapiga kwenye shabaha yetu ya nyuma ya duka, mishale ikagusana. Akaondoka akiimba.

Baada ya wiki akarudi. Mishale inakwenda kushoto. Nikarekebisha. Akarudi tena: inakwenda kulia. Nikakagua kila skrubu, nikabadilisha nyaya, nikatazama kapi kwa lenzi. Hakuna kitu. Upinde ulitoka mezani kwangu mzima na ukarudi mgonjwa. Mara ya nne hakuimba wala hakunisalimu vizuri.

"Papa fundi, ni mimi? Sema tu. Ni macho yangu ama ni roho?"

"Umelala?"

"Sijalala."

Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Mishale yake ilikosa kwa upande. Haikukosa kwa juu wala kwa chini. Mtu mwenye hofu hukosa pande zote, hana mpangilio. Huyu alikosa kwa nidhamu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni mpaka Hagsätra, mwisho wa reli, ambako watu wetu, Mama Riziki akiwemo, hukodi ukumbi wa chini wa shule kwa mazoezi ya upinde. Ni Wakongo wengi, Wakenya kadhaa, Mrundi mmoja, na sufuria ya chai. Nilikaa kwenye benchi, na badala ya kuwaangalia watu nikauangalia upinde tu. Ninawashauri mfanye hivyo. Mtu anajua anaangaliwa, chombo hakijui.

Mama Riziki alipiga duru moja, vizuri. Kisha Papa Elia, mzee wao wa kanisa, mwenye miwani na koti la suti hata kwenye mazoezi, akanyoosha mkono.

"Leta kidogo, mtoto wangu."

Akampa kwa mikono miwili. Papa Elia akavuta, akapiga, mshale ukaenda pembeni. Akageuza kile kizungusho kidogo kwa kidole gumba, bila hata kuangalia, kama mtu anayerekebisha redio. Akapiga tena. "Sasa!" akasema. Upinde ukaenda kwa Mkenya mmoja.

"Mzee umeuharibu, hii kitu sasa inapiga kona!" akapayuka yule Mkenya, naye akageuza. "Unapiga kona wewe mwenyewe," Papa Elia akamjibu, na ukumbi mzima ukacheka. Ukaenda kwa Mrundi. Kila mmoja alikuwa na jicho lake na urefu wake, na kila mmoja aliufanya upinde umfae. Uliporudi kwa mwenyewe, alirudisha kizungusho kikubwa kwenye alama yake. Kile kidogo hakina alama inayosomeka kwa urahisi. Hakukigusa, maana hakujua kwamba kimeguswa.

Hapo nikajua ugonjwa. Ulikuwa ukarimu. Upinde wa kapi umeshonwa kwa mtu mmoja, mwili wake na jicho lake, na sisi tulikuwa tunaugawa kama chai.

Nilimwambia tukiwa tunasubiri treni.

"Ningefanya nini?" alisema Mama Riziki. "Papa Elia ndiye alisimama pahali pa baba yangu siku ya ndoa. Nimunyime kitu cha kucheza?"

"Si kitu cha kucheza. Ni jicho lako."

"Eleza hivyo wewe."

"Mimi ni fundi. Hainihusu."

"Ona sasa," akasema. "Hata wewe unaogopa."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo nikazungumza juu ya vilengeo. Nilimshauri aachane na vizungusho. Shambani kule wanapiga kwa karibu. Hakuhitaji zaidi ya pini moja isiyosogea, ya kijani, nyembamba kidogo, iliyofungwa kwa skrubu zinazokazwa kwa kifunguo, si kwa vidole. Kama paa yuko mbali kuliko umbali wa pini ile, basi si paa wake. Hesabu moja tu ya kufanya: apige au aache. Alikuja dukani, tukashuka chini, taa ikafifia, na yeye alikuwa mkweli: alisema imepotea ilipopotea. Nikafunga kilengeo. Akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akapaka mstari mwekundu juu ya kila skrubu, kuvuka hadi kwenye chuma, ili ikisogea hata kidogo mstari ukatike aone.

"Vizuri," nikasema. "Lakini skrubu haitasema hapana kwa niaba yako."

Jumamosi ile nilikwenda tena Hagsätra, nikijidai napeleka mishale. Papa Elia akanyoosha mkono kama kawaida. Mama Riziki akaushika upinde kifuani.

"Papa, unisamehe. Huu umepimwa kwa jicho langu peke yake. Nikikupa, mtihani sitauweza."

Chai ilisimama hewani kwenye kikombe cha mtu. Papa Elia alitazama skrubu zile zilizopakwa rangi, akamtazama yeye.

"Mimi nitauharibu?"

"Si kwa kutaka, Papa."

"Nimeuliza kama nitauharibu."

"Ndiyo, Papa. Utauharibu."

Akafunga vifungo vya koti lake, akaaga watu wote kwa kuwashika mikono, Mama Riziki akiwemo, akaondoka. Hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Mama Riziki aliendelea kuja. Mishale yake sasa ilikuwa ikigusana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Wengine walianza kupiga mbali naye. Mimi nilirudi nyumbani kila mara nikizunguka meza, mpaka mke wangu akaniambia niende nikakimbie nje au nilale.

Mtihani uliangukia wiki yangu ya mwisho kazini. Nikaomba ruhusa, maana niliona kwamba nikibaki dukani siku ile nitaharibu mali ya watu. Asubuhi nilimkuta Mama Riziki kituo kikuu, amekaa kando ya kisanduku chake, hajala. Na kutoka kwenye ngazi akaja Papa Elia, koti la suti, mfuko wa mandazi mkononi.

Alimpa mandazi, akachukua kisanduku.

"Papa, kizito hicho."

"Nimekiona."

Treni ya Copenhagen ni safari ndefu. Alikaa nacho magotini muda wote. Kondakta alimwomba akiweke kwenye rafu ya mizigo, akakataa kwa Kiswidi cha adabu sana. Nilipotaka kukifungua nihakikishe mistari haijakatika, alinisukuma mkono.

"Wewe fundi, kaa mbali."

"Mzee, mimi ndiye niliyekirekebisha kilengeo hicho."

"Kila mtu anasema hivyo. Na mimi nilisema hivyo."

Mama Riziki akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mandazi yakaanza kupungua.

Mtihani ulikuwa msituni, wanyama wa sponji wamesimamishwa kati ya miti, umbali hautajwi. Msimamizi, Mdenmark mwenye ndevu, alinyoosha mkono akague upinde kwanza. Papa Elia hakumpa. Ilibidi Mama Riziki mwenyewe amfungulie, na mzee akasimama bega kwa bega na yule bwana, akiangalia vidole vyake.

Mama Riziki alipiga mnyama wa kwanza vizuri, na wa pili. Wa tatu akamgusa ukingoni mwa eneo linalohesabiwa. Sikuwa na nafasi ya kukaza wala kulegeza chochote. Nilikuwa mtazamaji tu, na sijawahi kuizoea kazi hiyo. Akaendelea. Wa mwisho alikuwa paa kivulini, amefichwa nusu na mti. Akavuta. Akatulia. Pimamaji ilikuwa imelala upande, niliona kwa jinsi mkono wake ulivyokaa. Mwaka jana angeachia. Safari hii aliurudisha uzi taratibu mpaka mwisho, akashusha upinde, akapumua, akatazama miguu yake, akaisogeza, akavuta upya. Hakutabasamu. Mshale ukaingia nyuma ya bega la paa, mahali pake.

Msimamizi akaenda kuuangalia karibu, akarudi, akampa mkono. Amepita. Nafasi shambani ilikuwa yake.

Alikaa chini kwenye majani, akafunika uso. Papa Elia akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Sasa mtihani umekwisha?"

"Umekwisha, Papa."

Mzee hakuomba upinde. Mama Riziki ndiye aliyeinuka, akauchukua upinde kwa mikono miwili, akampa. Msimamizi alipoelezwa akaruhusu mshale mmoja. Papa Elia akavuta, miwani imekaa vibaya, kitundu cha uzi hakiko hata karibu na jicho lake, na kidole gumba chake kikapanda kuelekea kwenye skrubu. Kikasimama. Kikarudi chini.

Akapiga hivyo hivyo. Mshale ulipita juu ya mgongo wa paa, ukaingia vichakani, ukatoweka katika Denmark.

"Upinde mzuri sana," akasema, akamrudishia.

Tukaingia vichakani wote watatu kuutafuta, Papa Elia akiwa mbele na koti lake la suti, akinung'unika kwa Kifaransa, na mimi nyuma yake, tayari nikiwaza kwamba akipata upinde wake mwenyewe, kitundu chake kingewekwa wapi, na macho yale yangehitaji pini ya rangi gani.